Chungu Alichokitenga Nakijwa

"Kisichoingia sikioni huingia kiganjani." Mmeisikia leo, wajukuu zangu, mkaniuliza ilikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Katika milima ya Upare aliishi mfinyanzi aitwaye Naetwe. Binti yake, Nakijwa, aliugua homa utotoni, akapona akiwa kiziwi. Mikono yake ilikuwa myepesi, udongo ulimtii. Lakini chungu kikishachomwa, mfinyanzi hukigonga na kusikiliza: kizima hulia, chenye ufa wa ndani huguna tu. Hapo ndipo Nakijwa aliposhindwa. Siku moja chungu alichokipitisha kuwa kizima kilipasukia jikoni, uji ukamwunguza mama mmoja mguu.

Nanzia, mkuu wa wafinyanzi, akaja kwa hasira. "Mtoto huyu akachunge mbuzi. Asiguse udongo tena."

"Nipe muda mpaka tuchome tena, mama," Naetwe akasihi.

"Utamfundishaje asiyesikia?"

"Bado sijui. Lakini nitamfundisha."

Alianza kwa kumwonyesha nyufa, ila zile za ndani hazikuonekana. Akamfokea; mtoto akalia, naye akajuta. Asubuhi moja akaacha maneno kabisa. Alikishika kiganja cha Nakijwa, akakibandika kwenye tumbo la chungu kizima, akagonga upande wa pili. Chungu kikatetemeka; Nakijwa akashtuka, akauchomoa mkono. Naetwe akaurudisha, akagonga tena. Kisha akaleta chenye ufa. Safari hii mtoto alimkazia mama yake macho, akatikisa kichwa polepole: hiki kimekufa.

Wakarudia kila siku, Naetwe akichanganya vizima na vibovu, hata siku ya kuchoma ikafika.

Nakijwa alipita chungu kwa chungu mbele ya wafinyanzi wote. Akatenga kimoja ambacho Nanzia alikuwa amekwisha kukisifu.

"Hicho kizima!" Nanzia akasema.

Nakijwa hakukirudisha. Naetwe akakijaza maji, akakiteleka. Wakangoja. Maji yalipoanza kuchemka, tone likapenya chini, makaa yakalia chwii.

Nanzia akamvuta mjukuu wake, mtoto mzito wa kushika maelekezo. "Huyu nimemkaripia mpaka sauti imenikauka. Nifanyeje?"

"Kisichoingia sikioni huingia kiganjani, mama," Naetwe akajibu.

"Na kiganja kikikataa?"

"Tutatafuta pengine."

Tangu hapo, mzazi au mwalimu akitaka kumkatia mtoto tamaa, watu wa kule humwambia: kisichoingia sikioni huingia kiganjani.