Chui na Simu Iliyosubiri

Hadithi ninayo!
Ilete!
Niilete mbichi au niipike?
Ipike, tutakula mpaka ukoko!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyejikunyata pale pembeni, zima simu kwanza. Hadithi yenyewe ni ya simu, sitaki zianze kusalimiana.

Hapo kale, lakini si kale ile ya mbali sana, wanyama walikuwa na simu. Msiniulize walizinunua wapi. Swala alikuwa nayo, Ngiri alikuwa nayo, hata Kobe alikuwa nayo, ingawa ukimpigia leo anapokea kesho. Na kina mama wote wa porini walikuwa na programu moja iitwayo Ukowapi. Ukiwa nayo, unamwona kila aliyemo. Mama anafungua, anaona kidoa chekundu: mwanangu yuko mtoni, mwanangu yuko kichakani, mwanangu yuko kwa jirani anakula bila kukaribishwa. Basi roho inatulia, anaendelea na kazi zake.

Sasa kulikuwa na Chui. Chui mwenye shingo nene, Chui asiyeshiba. Hajammaliza huyu, anauliza yule yuko wapi. Siku aliyosikia habari za Ukowapi, mate yalimtoka. Akamnyang'anya Nyani simu, akabonyeza "Pakua". Haikushuka. Akabonyeza tena. Haikushuka. Akaona programu ya mapishi, akaitaka. Akaona ya mizani, akaitaka. Akaona ya kurembesha picha, hiyo ndiyo aliitaka zaidi. Akazibonyeza zote, na haikushuka hata moja. Kiduara kikawa kinazunguka tu, zungu, zungu, zungu.

Juu ya jabali aliishi Mama Sikitu, pimbi mdogo kama kibuyu cha maziwa. Huko juu ndiko mtandao ulikoshika, kwa hiyo kila mwenye simu iliyogoma alipanda kwake, na kwa kuzitazama sana alikwisha kuzijua tabia zake. Asubuhi hiyo alikuwa akianika majani. Akageuka kumwita mwanawe.

"Sikitu. We Sikitu, unaitwa."

"Yuko huku," sauti nzito ikajibu.

Alikuwa Chui, amejinyoosha juu ya jiwe. Chini ya kiganja chake cha mbele palitokeza kichwa cha Sikitu. Kwi, kwi, mtoto analia.

Moyo wa Mama Sikitu ukaenda ndu, ndu, ndu. "Shikamoo, Mzee Chui," akasema.

"Marahaba. Simu yangu imegoma. Nataka Ukowapi ishuke sasa hivi. Ikishuka, nakuachia mwanao. Isiposhuka, namla, halafu tutazungumza habari zako."

Mama Sikitu akaichukua simu. Ilikuwa nzito. Akawaza: ikishuka, porini hatabaki mtoto. Kila mtoto wa kila mama atakuwa kidoa chekundu machoni pa huyu. Na isiposhuka, Sikitu wangu ndiyo basi. Akatamani kulia, akajizuia, asije akalowesha kioo.

"Tuizime kwanza, halafu tuiwashe."

Ikazimika, tii. Ikawaka, tiriri. Kiduara: zungu, zungu, zungu.

"Imeshuka?"

"Bado, Mzee."

Kiganja kikabana. Kwi!

"Taratibu, Mzee wangu, nakuomba. Tutazame bando."

"Bando lipo. Swala alinihamishia mwenyewe kabla sijamla."

"Basi ni nafasi. Simu imejaa. Ona, picha zako zimejaa tele. Hapa unapiga miayo, hapa ubavu wa kulia, hapa ubavu wa kushoto. Tufute chache."

"Hazifutiki. Zote nimetoka vizuri."

"Hii umefumba macho."

Chui akachungulia. "Futa hiyo. Na ile ya mkia." Zikafutwa. Kiduara: zungu, zungu, zungu.

"Imeshuka?"

"Bado, Mzee. Umeagiza nyingi kwa mpigo, zimepanga foleni na zinazuiana. Tukizikatisha nyingine..."

"Usikatishe hata moja. Nazitaka zote."

Na kiganja kikabana. Safari hii Sikitu alitoa mlio ambao mama yake hakuwahi kuusikia. Kabla hajafikiri, kidole chake kilikwisha kukatisha zile nyingine zote.

Mungu wangu. Kiduara kikaacha kuzunguka. Kimstari cha kijani kikatokea, kikaanza kutambaa. Kikafika robo, kikaenda nusu. Alikuwa ameitengeneza kweli.

"Naona inatembea," Chui akasema, akilamba midomo. "Nitaanza na wale mapacha wa Ngiri."

"Jua linapiga kwenye kioo, Mzee. Ngoja niipe kivuli." Akajigeuza, akaingia kwenye mipangilio, akatafuta, akapitiliza, akarudi. Palikuwa pameandikwa: *Pakua kwa waifai tu.* Waifai mnaijua, ule mtandao wa majumbani na maofisini. Jabalini hakuna nyumba wala ofisi. Akabonyeza.

Kimstari kikasimama. Pakatokea neno moja: *Inasubiri.*

"Mbona imesimama?"

"Haijasimama, Mzee. Inasubiri. Soma mwenyewe."

Chui akasoma kwa kujikongoja. "I-na-su-bi-ri. Inasubiri nini?"

"Inasubiri mtandao. Hapa chini umekatika, yabidi iinuliwe, na mimi kimo sina."

"Lete." Akaichukua kwa kiganja kimoja, akaiinua. Kingine kimemkandamiza Sikitu.

"Hivyo inatikisika, Mzee. Ikitikisika inaanza upya, na nusu nzima imeshashuka. Simama wima. Shika kwa viganja vyote viwili."

Chui akaitazama simu. Akamtazama mtoto. Kisha Chui akainuka, akasimama kwa miguu ya nyuma, simu juu kwa viganja viwili.

Na Sikitu hakuondoka. Alibaki palepale, miguu imekufa ganzi, macho yamemtoka. Mama yake hakuweza kumwita. Akafanya mlio mdogo kwa meno, ule wa kumwita anyonye, tsi, tsi, tsi. Mtoto akatikisa sikio. Tsi, tsi. Akaanza kujiburuta.

Chui akainamisha macho. "Huyu anakwenda wapi?"

"Ukimshika utashusha simu, Mzee." Mama Sikitu aliisikia sauti yake kama ya mtu mwingine.

Chui akapiga hesabu. Chini yake kuna tonge la kutafunwa mara moja, juu, ndani ya simu, wamo watoto wa pori zima. Meno yakagongana, ka, ka, ka, kwa uchungu wa kuchagua.

"Mwache aende," akasema. "Ikishuka, nitamwona yuko wapi."

Sikitu akaingia kwenye ufa wa jabali. Mama yake akamfuata mbiombio, akamkumbatia humo gizani kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumizwa kuliko alivyoumizwa na Chui. Hakumlegeza.

"Mama Sikitu," Chui akaita kutoka nje. "Imeshuka?"

"Bado, Mzee."

Wakatambaa kwenda ndani zaidi, kwenye tundu la upande wa pili, lililotokea kwa ndugu zao. Sauti ikawafuata, sasa kwa mbali na imechoka.

"Mama Sikitu. Mikono inaniuma. Imeshuka?"

"Bado, Mzee. Usishushe."

Hadithi yangu naiacha hapa hapa, atakayeiokota ni yake. Na funzo msilisahau, nyinyi mnaojifanya wajuaji: simu ikigoma, mtii fundi. Akikuambia inua, inua. Akikuambia usishushe, usishushe. Wala usimsumbue kwa kumuuliza inasubiri nini.