Mikwaju ya Shule ya Msanze

"Mti wa kuchora hauna kivuli." Mnaisema mkicheka, wajukuu zangu, lakini aliyeisema kwanza hakuwa anacheka. Methali hii ilianza hivi.

Kijiji cha Msanze, huko Ugogo, kilitaka shule. Kazi ya kuichora akapewa Ndahani, kijana wa pale pale aliyesomea usanifu wa majengo. Alitaka shule isiyoharibu mazingira: umeme wa jua juu ya paa, matangi ya kuvuna mvua, jiko la gesi ya samadi. Kiwanja alikitoa mama yake, Bi Mbeleje, pamoja na mikwaju aliyoipanda marehemu mumewe.

Mikwaju hiyo ndiyo ikawa kikwazo. Ingelitia paa kivuli, na majani yake yangeziba mifereji. Ndahani akaamua ikatwe.

"Huwezi kulisogeza jengo, mwanangu?" mama akauliza.

"Ramani imeshapitishwa, mama. Halafu tazama." Akamwonyesha miti aliyoichora kwa kijani, mikubwa, imezunguka kiwanja chote. "Tunakata michache, tunapata mingi."

Ramani ilipendeza, tusidanganyane. Bi Mbeleje aliitazama sana. "Haya, baba. Nakuamini."

Kumbe ramani haikuwa imepitishwa. Ndahani aliona uvivu kuichora upya, basi.

Shule ilifunguliwa wakati wa kiangazi. Taa ziliwaka, jiko likapika, wageni wakapiga makofi. Miche mipya ilifika magotini. Watoto walijibanza ukutani wakikimbia jua, na wadogo walikuwa wakilia. Bi Mbeleje, miguu imemchoka, akamshika mwanawe mkono.

"Nipeleke nikapumzike chini ya ile miti uliyonionyesha."

Ndahani akaangaza huku na huku. Hapakuwa na pa kumpeleka. Alivua koti akamfunika mama kichwani, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, mama. Ramani ilikuwa bado. Nilikudanganya. Mti wa kuchora hauna kivuli."

"Nimekusamehe," mama akajibu. "Ila hiyo miche ikikua, mimi sitakuwepo."

Na kweli hakuwepo. Ndahani alichora shule nyingine nyingi, na kila alikokwenda aliianza ramani kwa miti aliyoikuta, ndipo akapanga kuta. Watu walimsifu kwa hekima hiyo, na sifa zile zilimuuma. Waliomuuliza alikojifunzia hakuwatajia chuo. Aliinamisha kichwa, akasema: mti wa kuchora hauna kivuli.