Nungunungu na Picha za Kuta za Watu

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wakati wanyama na watu walipokuwa bado wanaazimana moto, Nungunungu aliishi peke yake kwenye pango la kilimani. Msicheke. Miiba yake mnaijua. Akikaa karibu na mtu, mtu anasogea. Akisogea tena, mtu anakumbuka ana kazi nyumbani. Basi akawa anakula peke yake, analala peke yake, anaongea peke yake. Upweke ulimtafuna, nawaambieni kweli, na hakuna aliyemuuliza habari.

Siku moja akawaza kwamba wasipokuja kwa ajili yake, labda watakuja kwa ajili ya mchezo. Akatunga mchezo wake mwenyewe, bila fundi wa kumsaidia wala mfalme wa kumlisha. Mchezo wenyewe ni huu: mtoto amepotea porini. Unarusha komwe, unahesabu, unasogea kutoka picha hadi picha mpaka umfikishe kwao. Ukiangukia picha mbaya umeliwa, unaanza upya. Mchezo ulikuwa mtamu. Tabu ilikuwa hizo picha. Alichora ng'ombe, Kima akapita akauliza kile kigoda ni cha nani.

Ng'ambo ya kilima palikuwa na kijiji ambako wanawake walichora kuta za nyumba zao kwa chokaa, mkaa na udongo mwekundu. Nungunungu akashuka na ngozi laini zilizolowa maji. Alibandika ngozi ukutani, akaipapasa, akaibandua. Picha ikawa imeingia kwenye ngozi, na ukutani imebaki vilevile. Akachukua simba kwa huyu, akachukua mto kwa yule, na kwenye nyumba ya mwisho akachukua msichana mwenye macho makubwa. Hakupiga hodi hata kwenye mlango mmoja. Alijiambia kuwa kuta zinaangalia njia, na njia ni ya kila mtu.

Akazishona ngozi zikawa uwanja mmoja. Yule msichana akamweka pale pa kuliwa, kwa sababu macho yake yalimsimamisha mtu.

Basi wakaja. Kima akaja, Pimbi akaja, watoto wa kijijini wakaja. Walikaa mbali kidogo na miiba, lakini walikaa. Nungunungu aliwachomea viazi, akasikia vicheko ndani ya pango lake, na furaha ikamjaa hata akasahau kula. Kila aliyemwangukia msichana aliimbiwa na wote, kaliwa, kaliwa, kaliwa!

Watoto wakaubeba wimbo hadi kijijini. Bi Sikitu, mwenye nyumba ile ya mwisho, akawauliza ni nani aliyeliwa. Wakamwambia ni yule msichana wa ukutani kwako. Bi Sikitu akajifunga kanga kiunoni, akapanda kilima.

Alipiga hodi. Nungunungu alifurahi sana kusikia hodi, maskini, akamkaribisha kwa mikono miwili. Bi Sikitu hakukaa. Alimtazama msichana pale chini, akauliza ni nani aliyetoa ruhusa.

Nungunungu akasema picha ilikuwa nje, inaangalia njia.

"Huyo ni Mboni, mwanangu," akasema Bi Sikitu. "Alikufa kwa homa. Kwetu mtoto akifa tunamchora upande wa njia, ili wapitao wamwamkie. Nimemweka pale aamkiwe. Sikumweka achukuliwe."

Nungunungu akasema lakini picha yake ipo palepale, hakuna kilichopungua. Bi Sikitu akamjibu kwamba zamani watoto wakipita walikuwa wanamwamkia Mboni, na sasa wakipita wanamwimbia kaliwa.

Sauti ya Nungunungu ikazidi kuwa ndogo. Akasema kila mchezaji huambiwa kuwa aliyechora ni Bi Sikitu, fundi asiye na mfano.

"Unawaambia wao," akasema Bi Sikitu. "Mimi hukuniambia."

 Kima, aliyekuwa amekuja kucheza, aliangalia kucha zake. Ndipo Nungunungu akasema lile lililokuwa moyoni. "Mama, nikiziondoa picha hawatakuja tena. Nitabaki peke yangu."

"Kubaki peke yangu hata mimi nakujua," akasema Bi Sikitu. "Mwoshe Mboni."

Na desturi ya kijiji ilikuwa kwamba aliyechukua ndiye anayeosha, mwenye picha akiwa amesimama anatazama. Nungunungu akaenda mtoni na ngozi yake, akamwosha Mboni taratibu, macho yakatoka mwisho. Habari zikaenea. Mwenye simba akaja, mwenye mto akaja, wote waliochukuliwa picha zao wakaja, naye akaosha moja moja. Uwanja mzima ukabaki mweupe, kwa sababu hakukuwa na hata picha moja iliyokuwa yake. Wachezaji walipofika wakakuta ngozi tupu, wakaondoka mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyeaga.

Masika yalipita Nungunungu akiwa ndani. Mvua zilipokatika aling'oa mwiba mmoja mgongoni, akauchovya kwenye mkaa uliosagwa na maji, akachora mwenyewe. Simba alikuwa hamjui. Akachora alichokijua, pango, jiwe la kukalia, na mwenye miiba anayeangalia mlangoni. Mistari ilipinda. Pimbi alikuja kuona, akarusha komwe mara moja, akaenda zake.

Kisha siku moja Bi Sikitu akapanda kilima kuchimba udongo mwekundu. Akaona ngozi imeanikwa nje, akasimama. Alisimama muda mrefu hata Nungunungu akatoka kwa hofu, akidhani amekosa tena.

Bi Sikitu akauliza huyu kwenye picha anamngoja nani.

"Yeyote," akasema Nungunungu.

Bi Sikitu akaweka kikapu chini. "Ukuta wangu una nafasi kando ya Mboni," akasema. "Nataka kumchora huyu hapo. Ni wako, kwa hiyo nakuomba wewe. Utaniruhusu?"

 Tangu Nungunungu azaliwe hakuna aliyewahi kumwomba kitu. Alijisikia ana kitu, na kwamba yupo, na papo hapo akaelewa alichowanyima wale wanawake alipopita milangoni mwao bila hodi. Akalia mbele ya mgeni bila kuficha uso.

"Nimekuruhusu, mama," akasema.

Bi Sikitu akamshukuru, akajitwisha kikapu, akashuka. Nungunungu alimtazama mpaka akapotea kwenye kona, kisha akarudi ndani kukaa peke yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, na aliye karibu na moto aufukie.