Mgeni wa Nakijwa

"Mkana kwao hukaribishwa kama mgeni." Bibi Namkunda aliyasema hayo akichambua maharage, wajukuu wakataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, akawaambia.

Zamani sana, juu ya mlima huu palikuwa na kijiji kidogo cha nyumba za mawe. Mrindoko alizaliwa hapo. Alipopata ujana aliteremka bondeni, akawa msaidizi wa Haidari, mfanyabiashara wa shanga. Watu wa bondeni waliwaita wa milimani nyani wa ukunguni. Mrindoko akacheka pamoja nao, akadai kwao ni pwani.

Mwaka mmoja Haidari alitaka kuuza shanga mlimani, na njia ikawafikisha kijijini kwa kina Mrindoko. Haidari akasimama kushangaa. Mfereji ulipita katikati ya nyumba, maji yakiteremka ngazi kwa ngazi hadi mashambani. Migomba iliinamia kuta za mawe, na ukungu ulikuwa chini yao kama maziwa.

"Mahali pazuri hivi! Wapajua?"

"Sipajui," Mrindoko akajibu.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Nakijwa, mama yake mzazi. Alipomwona mwanawe, uso ulimchanua. Mrindoko akamwahi.

"Hodi, mama. Sisi ni wapita njia tu."

Nakijwa aliufungua mlango wazi. Kisha akasema, "Karibuni, wageni."

Akawatandikia ngozi ya wageni, akawanawisha mikono, akawapa ndizi na maziwa ya mgando. Mrindoko alikula bila kuinua macho. Chakula kile alikijua tangu utotoni.

"Una watoto, mama?" Haidari akauliza.

"Mmoja. Yuko bondeni."

Walipoaga, Nakijwa aliwasindikiza hadi lango la kijiji, palipokuwa na watu. Hapo akamshika Mrindoko mkono.

"Mgeni, ukimkuta mwanangu huko, mwambie sikumwaibisha."

Mrindoko alihisi uso unawaka. Akapiga magoti kwenye tope, mbele ya wote.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Si nilikuzaa?"

Haidari akatazama pembeni kwa haya.

Mrindoko hakurudi bondeni. Mama alimsamehe siku ile ile, ila watoto wa kijiji hawakusahau. Kila alipopita walimwita, "Karibu, mgeni!" Hata alipozeeka, kijana yeyote alipofunga mzigo wa kuteremka bondeni, Mrindoko alimfuata hadi langoni na kumwambia, macho yakiwa chini: "Mkana kwao hukaribishwa kama mgeni."