Vipande Vitatu vya Milembe

Nisikilizeni vizuri, maana nikimaliza sitatoa jibu; nitalidai kwenu.

Milembe alikuwa na wenzake watatu. Kalunde alijaliwa kufunga mdomo, Nshoma alijaliwa miguu. Sada alijaliwa haya, hata jina lake alilitaja kwa sauti ya chini.

Milembe alipomkimbia Maganga, mume mpigaji, alikuwa mjamzito. Akawakabidhi hao watatu ufunguo wake. Kwao kitambulisho hakikai ofisini. Kila mtu anacho kwenye simu yake, pamoja na anwani na taarifa zake zote, na simu ikipotea, kinarudishwa kwa ufunguo uliogawanywa vipande, kila kimoja kwenye simu ya mtu unayemwamini. Kipande kimoja hakifungui kitu. Na waliapa: kipande hakitumwi, kinaletwa kwa mkono.

Maganga alianza kwa Kalunde, dada yake wa tumbo moja. "Nipe hicho kipande, dada. Nataka tu kujua anakaa wapi." Kalunde akakataa. Ukoo ukamsusa, hata kwenye msiba wa mama yake hakuitwa.

Milembe alijifungulia nyumbani, mtoto wa kike. Siku ya nane kichanga kikavimba tumbo, na katika hekaheka simu ikatumbukia kisimani. Hospitali wakamwambia, "Apasuliwe leo. Lakini mama, tutajuaje ni wako? Watoto wanaibwa." Kadi ya kliniki ilikuwa humo humo simuni. Milembe akaazima simu ya muuguzi, akawaita wale watatu.

Kalunde alifika kwanza, na kipande alichokilinda.

Nshoma alikuta mto umefurika. Akavuka, simu kaifunga kichwani, mguu ukavunjikia kwenye mawe, akafika akijikokota. Anachechemea mpaka leo.

Sada alifika salama. Ila kipande cha mtu yeyote hakitoki bila mwenyewe kufungua taarifa zake kwanza, na skrini ya mapokezi iliwaelekea watu waliokaa kwenye benchi, majirani zake. Ugonjwa aliouficha mtaa mzima miaka kumi na mmoja ulikuwa humo. Sada aliiona skrini. "Fungua," akamwambia mhudumu wa mapokezi.

Kitambulisho kikarudi, mtoto akapasuliwa, akapona.

Desturi yao, mtoto hupewa jina la mtu mmoja tu, somo wake, atakayemlea pamoja na mama. Milembe aliwatazama wote watatu, akaona aibu kuchagua. Muuguzi akauliza, "Niandike nani, mama?"

Haya, ninyi mliokaa kimya. Kalunde kapoteza ukoo, Nshoma mguu, Sada siri yake. Wewe ungemwandika nani? Na ukishamtaja, wale wawili ungewaambia nini?