Perere na Hatua ya Tatu

Uuuu-wi.

Mmesikia? Tulieni, sogeeni huku kwangu, acheni kuvutana shuka. Mlango nimeufunga, nimerudi kuuangalia mara mbili, umefungwa. Huyo ni Fisi, na hakuja kula mtu. Anatafuta wateja. Ngojeni niwaambie, maana hata mimi sitalala mpaka anyamaze.

Hapo zamani, kale ile wanyama walipokuwa na milango yenye makomeo, palikuwa na Mama Pacha, perere. Perere mnamjua: mdogo, hana mkia, anaishi kwenye mashimo ya miti. Mti wake ulianguka, akahamia kwa shangazi yake pamoja na wanawe pacha, na shangazi akamwambia, "Mwanangu, sikufukuzi, lakini mvua ya kwanza ikinyesha, shimo hili halitatutosha."

Siku zilezile tangazo likabandikwa kwenye ghala la chumvi la Fisi na Nyati: "Anatakiwa muuzaji mmoja. Uzoefu si lazima. Atapewa pango kavu la kuishi. Usaili una hatua tatu."

Perere alisoma hapo penye pango kavu mara nne. Akarudi, akafanya mazoezi hadi sauti ikamkauka. "Naitwa Perere, ni mchapakazi, napenda watu." Na pacha wanamwitikia, "Napenda watu."

Hatua ya kwanza, Nyati yuko nyuma ya meza, pembe hizi hapa, kalamu hii hapa.

"Jieleze kwa ufupi."

Jina likampotea. Nawaambia, lake mwenyewe. "Mimi," akasema, "nimekuja na mimi."

Nyati akaandika. "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?"

"Kwenye pango kavu, mzee."

"Umepita."

Nje, Digidigi alikuwa amepita. Nungunungu, aliyesinzia katikati ya swali la pili, naye amepita. Perere angejiuliza hapo, lakini furaha ilimziba macho.

Hatua ya pili, kila mmoja akapewa mfuko wa chumvi auze kwenye nyumba kumi kabla hakujapambazuka. Perere akaenda kwa wadogo wenzake, akina Panya, Kindi na Komba. Wadogo hawafungui mlango kwa kugongewa, hilo mnalijua. Basi akapanda mti mmoja baada ya mwingine, akilia polepole, kre-kre-kre, "Ni mimi, Mama Pacha." Kulipopambazuka mfuko mtupu, asali na karanga walizomlipa akazikabidhi zote ghalani. Akaambiwa amepita.

Hatua ya tatu, kila mmoja aandike wateja wake kumi: jina, mti, na saa wanazofungua. Wakaketi kwenye benchi. Akaanza kuingia Digidigi, na kabla benchi halijapoa alipotoka kukaa, akarudi, macho yamelowa.

"Vipi, dada?"

"Wanasema sina uzoefu."

"Si walisema uzoefu si lazima?"

"Ndivyo nilivyowajibu. Wakasema na ubishi ninao." Akapangusa pua. "Orodha wamebaki nayo. Humo nimeandika mpaka mama yangu mzazi."

Mlango haukufungwa vizuri. Perere akachungulia. Ukuta mzima umejaa orodha, nyingine zimeshakuwa njano. Na wafanyakazi? Akatazama sinia ya chai. Vikombe viwili. Kimoja cha Fisi, kimoja cha Nyati. Hapakuwa na muuzaji, wala hapakuwahi kuwa na muuzaji. Kila wiki wanakuja wengine, wanauza bure, wanaacha wateja wao ukutani, wanaambiwa kwaheri.

"Anayefuata," Nyati akaita.

Akiwapa orodha, kazi hakuna. Asipowapa, kazi hakuna. Na mawingu yale yanajikusanya. Akaitia orodha mdomoni, nyam, nyam, akaimeza, akaingia.

"Orodha iko wapi?" Fisi akauliza.

"Nimeimeza, mzee. Kwa woga."

Nyati akacheka mpaka vikombe vikagongana.

"Lakini hata hivyo isingewafaa," Perere akasema haraka haraka. "Wateja wangu hawafungui kwa hodi. Wanaitwa kwa mlio."

Fisi akavuta kiti. "Mlio gani, Mama Pacha?"

"Nikiwafundisha, kazi nitapata?"

"Papo hapo," Fisi akasema, mkono kifuani.

"Basi ni huu. Uuuu-wi. Utoke tumboni."

Fisi akaujaribu. Nyati akaujaribu. Walipoupata, Fisi akasimama. "Mama Pacha, umefika mbali. Ila safari hii hatutaendelea na wewe. Huna uzoefu."

Perere akainamisha kichwa, akashukuru, akatoka. Hawakumuuliza mlio ule unawaita wadogo wafanye nini.

Usiku wakabeba chumvi. "Uuuu-wi!"

Ta! Ta! Ta! Makomeo. Kumbe ndio mlio wa hatari wa wadogo wote: funga mlango, zima moto, bana watoto. Mti wa pili, ta! Wa tatu, ta! Kulipokucha hawajauza hata punje, na msitu mzima umeshaijua sauti ya Fisi. Kesho yake wakabisha hodi kwa upole. Ta! Siku ya tatu ngurumo ikaanza, na nusu ya chumvi iko nje.

Wakaja chini ya mti wa shangazi.

"Hodi, Mama Pacha."

Akajibu kutoka juu, pacha amewakumbatia. "Jieleze kwa ufupi."

Fisi akameza mate. "Mimi... nina chumvi nyingi, na mvua inakuja."

"Umepita. Nyati, mnafanya kazi wangapi ghalani?"

"Wawili."

"Umepita. Hatua ya tatu. Kuanzia leo tuko wanne, mimi na Digidigi ndani. Barua iandikwe sasa hivi, pango liwe mstari wa kwanza. Na orodha za ukutani zirudi kwa wenyewe."

Wakaiandikia juu ya mgongo wa Nyati. Perere akaiuza chumvi yote kwa wadogo, kre-kre-kre, na tone la kwanza likawakuta pacha ndani ya pango kavu.

Anayeitumia shida ya mwenzake kumfanyisha kazi bure, siku moja atabisha hodi yeye, asifunguliwe.

Ila Fisi mpaka leo anajaribu mlio ule, anadhani alikosea mahali. Siku ile ya barua alimwomba Perere, "Usimwambie mtu kwamba tulisailiwa chini ya mti."

Perere akaahidi, akawaambia pacha wake tu. Na mimi nimewaambia nyinyi wawili. Laleni. Sitamwambia mwingine.