Mlinzi na Matokeo ya Sikudhani

"Mlinzi hafukuzwi, mgeni huvikwa beji." Mmemsikia fundi akisema hivyo, mkacheka. Haya, wekeni hizo simu chini. Methali hii ilianza hivi, katika chumba cha mitambo cha chuo nilichofanyia kazi mpaka nikastaafu.

Asubuhi hiyo tovuti ya matokeo iligoma. Nje, kwenye benchi, alikaa binti aitwaye Sikudhani na mama yake. Matokeo yasipofika hospitali iliyotaka kumwajiri kabla ofisi hazijafungwa, nafasi yake ya unesi atapewa mwingine. Mama akawa anainuka, anachungulia mlangoni, anakaa, anainuka tena. Hata sisi ndani hatukutulia.

Kasembe, mkuu wetu, ndiye aliyeweka mafaili yale. Aliyaandaa kwenye folda yake binafsi, kisha akayahamisha kwa amri ya mv hadi folda ya tovuti. Sasa wanangu, faili likihamishwa hivyo huondoka na lebo yake ya zamani. Na Linux ile, mfumo ulioendesha mashine yetu, ilikuwa na mlinzi wa ndani, programu ya usalama inayosoma lebo. Akikuta imeandikwa kuwa ni mali ya nyumbani kwa mtu, huizuia tovuti isiliguse. Kasembe hakuwaza lebo. Akafungua ruhusa zote, kila mtu asome, kila mtu aandike, jasho linamtoka. Wapi! Ukurasa ukajibu vilevile: hairuhusiwi.

"Namzima huyu mlinzi," akasema. "Mtoto wa watu anakosa kazi."

"Ukimzima, nani atalinda alama za wenzake?" akauliza Nasra, mwenzake wa zamu. "Mlinzi hana kosa, kaka. Wewe umemletea mgeni mwenye beji ya kwako."

"Sina muda wa mafumbo, Nasra."

"Basi sogea."

Akaandika restorecon -Rv /var/www/html, akabonyeza. Mistari ikashuka kwenye skrini, kila faili likivuliwa lebo ya nyumbani na kuvishwa ya tovuti. Mama alikuwa ameshaingia bila hodi. Ukurasa ukafunguka. Sikudhani akaipokea karatasi ikiwa bado na joto la printa, akatoka mbio, na nafasi akaiwahi.

Jioni Kasembe akasoma kumbukumbu za mlinzi. Mchana ule mtu wa nje alijipenyeza kupitia tovuti, akajaribu kubadili matokeo, ya Sikudhani yakiwemo. Ruhusa alizofungua Kasembe zilikuwa bado wazi, kwa pupa tulizisahau sote. Aliyemzuia ni mlinzi peke yake, maana lebo ya tovuti huiruhusu tovuti isome tu, isiandike.

Kasembe akazifunga. Kisha akamgeukia Nasra, akasema polepole, "Kweli, dada. Mlinzi hafukuzwi, mgeni huvikwa beji."